Bwawa la kobe nyuma ya nyumba: anza na ukuta, maji baadaye

Wiki iliyopita niliweka hapa picha ya kobe wangu akiota jua juu ya gogo, nyuma ya nyumba yangu hapa Houston, Texas. Sikutegemea maswali yaliyofuata! Wengine mmeuliza kama huyo ni kasa. Wengine mmeuliza ataliwa lini (jamani!). Na mdau mmoja wa Mwanza kaniambia ana eneo kubwa, ana jembe, wikiendi hii anaanza kuchimba la kwake.

Ndugu yangu wa Mwanza, weka jembe chini kwanza. Soma hadi mwisho, maana mimi nilichimba kabla ya kuuliza, na aliyelipa si mimi.

Kwanza tuelewane majina. Kiswahili chetu kina kobe na kina kasa. Kobe ni wa nchi kavu, kama wale wazee wakubwa wa kisiwa cha Changuu pale Zanzibar. Kasa ni wa baharini, na badala ya miguu ana makasia ya kuogelea. Huyu wangu yuko katikati. Anaishi kwenye mito na mabwawa, ana miguu yenye kucha na utando kati ya vidole, anapumua kwa mapafu kama mimi na wewe, na lazima atoke kwenye maji aote jua. Humu nitamwita kobe wa maji.

Aina yake ni ile yenye mstari mwekundu nyuma ya jicho. Wataalamu wanaiita Trachemys scripta elegans. Hapa Texas ni mwenyeji kabisa, unamkuta mitoni. Akiwa mtoto anaenea kwenye sarafu, ndiyo maana watu wanamwonea huruma na kumnunua. Kumbe jike akikua gamba linafika sentimeta 25 hadi 30, na akitunzwa anaishi miaka 20, 30 na zaidi. Yaani ukimchukua ukiwa na miaka 20, unaweza kuwa naye mpaka unapata wajukuu.

KILICHONITOKEA

Nilikuwa na wawili. Niliwapata kwa familia iliyokuwa inahama mji na haikuweza kuwabeba. Dume na jike. Walikuwa wanaibiana chakula mdomoni, basi nikawaita Pwagu na Pwaguzi.

Nilichimba bwawa wikiendi tatu mfululizo. Nikatandika karatasi nene ya mpira, nikapanga mawe bapa pembeni, nikajaza maji. Jamani lilipendeza! Nilifanya kina kidogo, magotini tu, na kingo za mteremko pande zote, nikiamini kobe anataka kutoka na kuingia bila shida. Uzio wa mbao ulikuwepo tayari kuzunguka nyuma ya nyumba, nikaona hiyo inatosha. Nikapiga picha nikazituma nyumbani, mama akaniuliza kama huko majuu nimekosa kazi ya kufanya.

Miezi miwili ya kwanza ilikuwa raha tupu. Halafu asubuhi moja natoka na kikombe changu cha chai, naona gamba kwenye majani. Tupu. Lilikuwa la Pwagu. Kwenye tope pembeni kulikuwa na alama kama viganja vya mtoto mchanga, vidole vitano vitano.

Mzee jirani akachungulia juu ya uzio, akatazama zile alama, akasema neno moja tu: rakuni. Kama humjui, ni mnyama anayezidi paka kidogo, ana kinyago cheusi machoni kama mwizi wa kwenye katuni, na mikono yake ina akili kuliko ya baadhi yetu. Anatembea usiku, anapenda kupapasa kwenye maji ya kina kifupi, anafungua mapipa ya taka, anafungua hata komeo za kawaida. Uzio wa mbao kwake ni ngazi.

Pwaguzi nilimkuta chini ya ngazi za mlango wa nyuma, gamba limetafunwa ukingoni. Alipona, ila bili ya daktari wa mifugo ilizidi gharama ya bwawa zima. Kilichoniuma zaidi ni binti yangu, wakati huo ana miaka 6. Aliliangalia lile gamba, akaniuliza, "Baba, si ulisema huku nyuma ni salama?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimesema hivyo kweli. Na kumbe sikuchimba bwawa, nilimwandalia rakuni sahani.

Tuliambiwa tangu utotoni, usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi niliujenga huo ukuta, baada ya msiba. Sasa haya ndiyo niliyojifunza, kwa mpangilio ambao ningeufuata kama ningeanza upya.

1. UKUTA KABLA YA MAJI

Bwawa la kobe lina kazi mbili za ulinzi. Kuzuia wanaoingia na kumzuia anayetoka. Watu wengi wanafikiria moja tu, au hawafikirii hata moja kama mimi.

Anayetoka ni kobe mwenyewe. Usicheke! Kobe anapanda. Waya wa uzio wenye matundu makubwa anaupanda kama ngazi, na kwenye kona za ukuta anajibana huku na huku hadi juu. Pia anachimba. Ukuta wangu wa sasa ni wa tofali za simenti, juu sentimeta 60, na chini ya ardhi umeingia sentimeta 30. Ndani ni laini, hakuna pa kushika. Juu nimepigilia ubao unaotokeza kwa ndani kama sentimeta 15, hivyo akifika pale anakutana na dari, anarudi.

Wanaoingia ni rakuni, mbwa, paka wa mtaani, na ndege wakubwa jamii ya korongo wanaomeza kobe wadogo mzima mzima. Kwa hao nimetengeneza fremu za mbao zenye wavu wa chuma wa matundu madogo, kama sentimeta moja hivi. Usitumie ule waya mwembamba wa banda la kuku, rakuni anauchana. Kila jioni kabla ya giza nafunga. Komeo nimeweka ya kubana na kuzungusha, kwa sababu ile ya kuinua tu mwizi wetu anaiweza.

Kama unajijua ni mtu wa kusahau, usijidanganye kuwa utakumbuka kila jioni. Weka wavu wa kudumu. Rakuni yeye hasahau.

2. KINA NA MTEREMKO

Bwawa jipya lina pande tatu zilizosimama wima na upande mmoja wenye mteremko wa kutokea, tena ndani ya ukuta. Sehemu ya kina ni sentimeta 90. Adui akija, kobe anazama chini na hakuna pa kusimama kumpapasa. Gogo la kuotea jua liko katikati ya maji, mbali na ukingo.

Ila ule mteremko usiusahau. Kobe wa maji anaogelea, sawa, lakini anapumua hewa. Akichoka na akakosa pa kupumzikia, anakufa maji kama kiumbe chochote chenye mapafu.

3. JUA NA KIVULI, VYOTE VIWILI

Faida kubwa ya kumfuga nje ni jua. Mwanga wake unamsaidia kutengeneza vitamini D, na bila hiyo mwili hauwezi kutumia madini ya chokaa, gamba linalainika na kupinda. Waliofugwa ndani wanahitaji taa maalumu za kununua, huku nje ni bure. Lakini usifunike bwawa kwa kioo ukidhani jua linapita. Mwanga unapita, ile miale anayoihitaji inazuiwa.

Upande wa pili ni joto. Kiangazi cha Houston kinapita nyuzi 35, na beseni dogo lililowekwa juani linaweza kumpika kobe mchana mmoja. Yeye hana jasho la kujipoza, anategemea kuhama. Kwa hiyo mpe pa kuhamia. Angalau nusu ya bwawa iwe na kivuli, na maji yawe ya kina ili chini yabaki na ubaridi.

4. MAHALI PA KUTAGIA

Hili wengi hawalijui. Jike anataga hata kama hana dume, mayai yasiyo na kitu ndani. Na hatagi majini, lazima apate udongo wa kuchimba. Akikosa, mayai yanaweza kukwama tumboni na kumuua. Mimi nimemwachia Pwaguzi pembe yenye mchanga na udongo laini, mita 1 kwa 1, kina sentimeta 30. Ukiona jike anazungukazunguka nchi kavu, anachimba na kuacha, hajarukwa na akili. Anatafuta leba.

5. MAJI, PAMPU NA UMEME

Kobe anachafua maji kuliko samaki, kwa hiyo chujio liwe na uwezo mkubwa kuliko ule ulioandikwa kwa bwawa la samaki la ukubwa huo. Lakini angalia pampu. Mdomo unaonyonya maji ufunikwe na kitundu kipana, la sivyo mguu wa kobe unavutwa, ananasa chini ya maji, na asubuhi unakuta amekwisha. Umeme wa huko nje upitie swichi inayojikata yenyewe umeme ukivuja. Maji na waya uliochubuka havihitaji maelezo.

Mbu je? Maji yanayotembea hawayapendi kutagia, na mimi nimeweka visamaki vidogo vya hapahapa Texas vinavyokula viluwiluwi vya mbu. Pwaguzi anawala wao mara mojamoja, ndiyo maisha.

Kitu kingine. Gugu maji, lile linalosumbua Ziwa Victoria, hapa Texas limepigwa marufuku kulifuga bila kibali. Lina ua zuri, mtu analiweka bwawani, mafuriko yanalibeba hadi mtoni, kwisha habari. Watu wa Mwanza mnalijua hilo kuliko mimi.

6. CHAKULA

Si mkate, si nyama ya kusaga, si mabaki ya mezani. Akiwa mdogo anahitaji zaidi vyenye nyama, minyoo na wadudu. Akikua anageukia majani. Wa kwangu anapata chakula cha punje cha kobe wa maji siku moja, siku nyingine sukuma wiki. Naam, sukuma wiki, hapa inauzwa kila soko. Mwekee ndani ya maji, maana nje ya maji anashindwa kumeza. Na usimjaze. Kobe anayekuombaomba kila ukipita hana njaa, amekuzoea tu.

7. BARIDI

Hili linawahusu zaidi walioko Ulaya na Marekani. Maji yakipoa sana kobe anaacha kula, anashuka chini na kutulia. Mwili unapunguza kila kitu, moyo unapiga polepole, na hewa kidogo iliyoyeyuka majini, anayoipata kupitia ngozi, inamsaidia kusukuma siku. Usimlishe wakati huo, chakula kitaozea tumboni.

Februari 2021 hapa Texas tulipata baridi ambayo watu wengi wa hapa hawakuwahi kuiona. Houston ilishuka hadi kama nyuzi 10 chini ya sifuri, umeme ukakatika kwa mamilioni ya watu. Sisi tulilala sebuleni na makoti, blanketi juu. Bwawa likaganda juu. Pwaguzi yuko chini, simwoni, na binti yangu kila saa anauliza.

Nilishika nyundo nivunje barafu. Mama watoto akaniambia ngoja, uliza kwanza. Simu ilikuwa na chaji kidogo, nikampigia yule daktari aliyemtibu. Akasema nyundo usithubutu, mtikisiko unaumiza walioko chini. Chemsha maji, weka sufuria ya moto juu ya barafu, liyeyuke tundu ili hewa chafu itoke na safi iingie. Jiko letu lilikuwa la gesi, bahati. Nikafanya hivyo asubuhi na jioni, nikimwacha yeye alipo. Akaniambia pia nisimtoe nikamweka karibu na moto, mabadiliko ya ghafla ni hatari kuliko baridi yenyewe.

Siku hizohizo, kusini mwa Texas kwenye kisiwa cha South Padre, watu wa kujitolea walikuwa wanawabeba kasa kwa maelfu, wamelegea kwa baridi, wakiwalaza kwenye sakafu ya ukumbi wa mikutano. Kasa hana bwawa la kuzamia akasubiri.

Jua lilipotoka na joto likarudi, tulisubiri wiki nzima. Siku ya nane Pwaguzi akatoa pua. Binti yangu alipiga kelele mtaa ukasikia. Kilichomwokoa ni zile sentimeta 90. Lile bwawa langu la kwanza la magotini, sidhani kama angetoka.

8. NA SISI WATU

Usalama si wa kobe peke yake. Kobe hata akiwa mzima kabisa anaweza kuwa na bakteria wa salmonela, wanaoharisha watu vibaya. Ndiyo maana Marekani tangu 1975 imekataza kuuza kobe wenye gamba lisilofika inchi 4, yaani kama sentimeta 10, kwa sababu watoto walikuwa wanawatia mdomoni. Ukimshika, nawa kwa sabuni. Vyombo vyake usivioshee kwenye sinki la jikoni. Hakuna kumbusu. Nyumba yenye mtoto chini ya miaka 5, mzee sana au mgonjwa ambaye kinga yake ni dhaifu, ni heri isifuge kabisa.

Na bwawa ni bwawa. Mtoto mdogo anakufa kwenye maji ya kina cha ndoo. Ule ukuta na zile nyavu nilizojenga kwa ajili ya rakuni, leo nikimwona mtoto wa jirani akitambaa upande wa pili, namshukuru Mungu vipo. Geti langu lina kufuli, na ufunguo uko juu mtoto asipofika.

BONGO INAWEZEKANA?

Sasa nakurudia wewe wa Mwanza. Joto unalo, jua unalo, baridi ya barafu huna. Lakini kobe utamtoa wapi? Nyumbani tuna kobe wa maji wetu, wale wanaoficha kichwa kwa kukunja shingo upande, tofauti na wa huku anayeirudisha moja kwa moja ndani. Hao ni wanyamapori. Tanzania kuna Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya 2009, Kenya kuna ya 2013, na kuokota mnyama wa porini ukamweka nyumbani bila kibali ni kujitafutia kesi. Ukimkuta kwenye bwawa lako la samaki, mwache aende zake, alikuwepo kabla yako. Ukitaka kufuga kihalali, anza ofisi ya wanyamapori, siyo na jembe.

Na wale wa mstari mwekundu usiwalete kutoka nje. Wakati katuni za kobe ninja zilipovuma, watoto dunia nzima walitaka kobe, na Marekani ikasafirisha mamilioni. Walipokua, watu wakawatupa mitoni. Leo wamo kwenye orodha ya viumbe vamizi 100 wabaya zaidi duniani. Umoja wa Ulaya ulizuia kuwaingiza tangu 1997, na 2016 ukawaweka rasmi kwenye orodha yake ya viumbe vamizi. Anayemtupa kobe mtoni anadhani amempa uhuru. Amewapa tatizo waliokuwa wanaishi mle.

Ndiyo maana nasema anza na ukuta. Anza na swali la nani ataingia, nani atatoka, nani atafunga jioni, nani atamtunza ukihama. Ukishajibu hayo yote, kuchimba ni kazi ya wikiendi tatu tu.

Lile gamba la Pwagu bado ninalo, liko juu ya rafu gereji. Binti yangu amekua sasa, na kufunga nyavu jioni ni zamu yake. Sijamkumbusha hata siku moja.

Haya, uwanja ni wenu. Kuna mtu aliyewahi kukuta kobe wa maji nyumbani, mtoni au kwenye jaruba la mpunga? Huko kwenu mnamwitaje? Tupeni majina ya kwenu hapo chini. Na aliyeuliza ataliwa lini, ajitokeze tumjue!